Kabla Hujachagua Bastola

Clarisse mwanangu,

Juzi mezani uliniuliza swali, nami nikainuka kwenda kuchota maji wakati sikuwa na kiu. Uliuliza kwa wepesi, kama mtu anayeulizia viatu: "Papa, wewe ulikuwaga unapiga shabaha. Tonton Willy anasema kule Houston atanipeleka dukani. Bastola gani iko nzuri na haiko ghali?" Ukanionyesha kwenye simu picha mbili alizokutumia mjomba wako huyo, moja ndogo ya kuingia kwenye mkoba, nyingine kubwa kidogo, iliyokwisha kutumika. Mama yako akafanya ishara ya msalaba. Mimi nikasema nitakujibu. Jibu ndilo hili, na kwa kuwa ulimi wangu mbele yako huwa mzito, nimeona niliandike.

Habari za pasipoti, za koti na za samaki wa kukausha mama yako amekwisha kukueleza, na sasa hivi anazieleza tena sanduku lako, namsikia. Mimi siziongezi. Wala sikukatazi. Unaenda kuishi katika nchi ambayo sheria inakuruhusu, katika nyumba ya ghorofa ya chini, peke yako, na mkono wako naujua. Nilipokupeleka klabu ya shabaha ulipokuwa msichana wa lycée, wa sekondari, uliishika pumzi yako vizuri kuliko mimi, na karatasi yako ya shabaha mama yako aliibandika kwenye friji kana kwamba ni cheti.

Lakini kuna hadithi unayoijua kipande. Unajua kwamba ulipokuwa mdogo, bibi mmoja mzungu alikuwa akiingia nyumbani kwetu Saint-Josse, hapa Brussels. Mama yako huisimulia kwenye sherehe na watu hucheka. Kile kipande kisichochekesha hakisimulii, kwa sababu hakukiona. Nilikiona mimi, na wewe, ila wewe ulikuwa umeangalia upande mwingine.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia ile nyumba, ya chini, yenye mlango wa mbele wa barabarani na mlango wa jikoni unaotokea kwenye kiwanja kidogo cha nyuma. Mimi nilikuwa nimepata kazi Ixelles, kutengeneza meno ya bandia. Mama yako alifanya usafi hospitalini usiku. Jumatano, shule zinapofungwa mchana, alikuchukua, akakulisha, halafu mkalala pamoja chumba cha nyuma, yeye akiwa amechoka kama gunia.

Jumatano moja niliporudi nikakuta viti vyote vya jikoni vimegeuzwa kuangalia dirisha. Nikadhani ni mchezo wako. Jumatano nyingine nikakuta meza imeandaliwa: sahani tatu, uma na visu vimepangwa kwa ustadi ambao hakuna mtu katika nyumba yetu aliyekuwa nao, na vitambaa vimekunjwa pembetatu. Mama yako akasema ni mimi. Mimi nikasema ni yeye. Tukacheka, lakini kicheko kilikatika kabla ya wakati wake.

Kisha ukaamka siku moja ukiwa na utepe mweupe kwenye nywele. Mama yako alikuwa amekusuka mwenyewe, na utepe huo hakuujua. Ulikuwa wa zamani, umegeuka rangi pembeni, unanuka kafuri.

"Clarisse, ni nani alikufunga hii kitu?" nikakuuliza.

"Ni nkambo."

"Nkambo gani?" Kwa sababu nkambo ulimwita mama yangu, naye yuko Lubumbashi.

"Nkambo muzungu wa jikoni. Anasema Kiswahili sawa vile nkambo. Lakini hajui muzuri. Anasema 'mutoto, kuya hapa, iko baridi.'"

Mtoto anaweza kumbuni mzungu. Mtoto anaweza kumbuni bibi. Lakini "iko baridi", hicho ni Kiswahili cha wazungu wa zamani wa Katanga, walichowasemesha wapishi wao. Nilikisikia utotoni kwa mapadri na kwa mabibi wa migodini. Wewe ulizaliwa Brussels. Ungekitoa wapi?

Polisi wa mtaa alikuja, akainama kwenye kufuli, akasema haijavunjwa wala kukwaruzwa. "Kuna kilichoibiwa, monsieur?" Hakuna. Akakutazama wewe, akatabasamu, akaondoka.

Mama yako akaenda Matonge, mtaa wa Wakongo, kwa rafiki yake Maman Jolie aliyekuwa na saluni kwenye Galerie d'Ixelles. Maman Jolie akasema jambo ni wazi, ni roho ya mzungu aliyekufa kwetu vibaya, imetufuata. Wakaja kina mama wa kikundi cha maombi, wakaimba, wakapaka mafuta kwenye miimo ya milango yote. Jumatano iliyofuata tulikuta sahani tatu mezani. Na mafuta yalikuwa yamefutwa, miimo inang'aa, kitambaa kimekunjwa vizuri pembeni mwa sinki.

Siku hiyo niligusa kiti kilichokuwa karibu na dirisha. Kilikuwa na joto la mtu.

Mama yako alianza kulala na kiti kimeegemezwa mlangoni mwa chumba. Mimi, bon, mimi ni mtu wa plasta na vipimo, siamini roho zinazokunja vitambaa. Nikaamini jambo baya zaidi, kwamba kuna mtu anakuja kwa ajili yako. Ndipo nilipoanza kutafuta bastola, na hapa sasa swali lako linapata jibu lake la kwanza.

Nilijiunga na klabu ya shabaha iliyokuwa chini ya ardhi, karibu na reli. Pale mwalimu alikuwa mzee mmoja, Marcel, mnene, mwenye vidole vifupi. Siku ya kwanza akaniuliza: "Unataka kutoboa karatasi au kutoboa mtu?"

Nikasema, ikibidi, vyote viwili.

"Anayetaka vyote viwili kwa bei ndogo," akasema, "hupata kimoja kibaya."

Akanipangia bastola mezani, zote tupu, akanifanya nizishike moja moja huku nimefumba macho. Alisema nisianze kuangalia bei wala sura. Kwanza mkono: je, kidole kinafika kwenye kifyatuo bila kujivuta? Je, ukifumbua macho, mtutu unaangalia pale ulipodhani? Ile ndogo ya mkoba, kama ile ya kwanza ya Tonton Willy, watu hupenda kuwauzia wanawake kwa kuwa inaonekana ya kike. Marcel aliiita mwongo. Ni nyepesi dukani, lakini ikilipuka hurusha mkono, huumiza kiganja, na mwenye nayo huacha kufanya mazoezi baada ya siku mbili. Lakini ile ya vingt-deux, yaani ya kipimo cha ishirini na mbili, risasi yake ndogo, haina kishindo, unaweza kupiga mchana mzima bila kuogopa wala kufilisika. "Bastola ya bei nafuu," alisema, "ni ile unayoweza kuilisha." Na akasema usimalize pesa zako zote kwenye chuma. Bakiza za mafunzo, za kuziba masikio, na za sanduku la kufuli lililo imara kuliko subira ya mtoto.

Yote hayo ni kweli mpaka leo, na ningeweza kuishia hapa, nikakuambia chukua ile vingt-deux iliyotumika, ikaguliwe na fundi, basi. Lakini mimi mwenyewe sikumsikiliza. Vingt-deux niliiona kama kitu cha kuchezea. Nilitaka kitu ambacho kikionekana tu kinamaliza maneno.

Nikapata rivolva kuukuu katika duka moja upande wa mfereji, nyeusi, nzito, mpini wa mbao uliolainishwa na mikono ya watu wengine. Bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu ya kasoro moja. Muuzaji hakuificha. "Kifyatuo chake ni kigumu," akasema. "Ni springi yake. Unavuta, unavuta, halafu ndiyo nyundo inanyanyuka. Fundi anaweza kuilainisha." Karatasi za daktari, za klabu na za polisi nilizijaza kwa ukweli mtupu: kupiga shabaha. Na kwenye klabu nilipiga shabaha kweli, vibaya, kwa sababu ya ugumu ule. Marcel aliniambia nikailainishe. Nikapanga kuipeleka baada ya Noeli.

Jumatano moja kabla ya Noeli niliomba ruhusa kazini, sikumwambia mama yako. Nikarudi kimya mchana, saa yenu ya kulala. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo na kile kiti kilikuwa kimesogezwa, lakini sikulitilia maanani. Nikaitoa bastola kwenye sanduku lake, nikaitia risasi, nikakaa kwenye korido gizani, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Unazijua siku za Desemba hapa, saa kumi mwanga umekwisha kukata tamaa.

Nataka nikuambie hisia ya pale, kwa sababu wauzaji hawaisemi. Hofu iliondoka. Nilikaa na uzito ule mapajani nikajisikia mtulivu, karibu mwenye furaha. Nilikuwa nikimsubiri mtu kama unavyomsubiri mgeni. Nilitamani aje. Jiangalie siku utakapotamani aje.

Akaja. Sikusikia mlango kuvunjwa wala kusukumwa. Nilisikia ufunguo ukiingia kwenye kufuli, taratibu, kama wa mtu anayerudi kwake, ukazunguka. Hatua zikapita sebuleni kuelekea jikoni bila kuwasha taa na bila kugonga kitu hata kimoja. Aliijua ile nyumba kuliko mimi. Nikasikia kabati. Nikasikia sahani, moja, nyingine, nyingine. Halafu nikasikia sauti ndogo ikicheka kwa chini.

Ilikuwa sauti yako. Hukuwa umelala. Ulikuwa umetangulia jikoni kumsubiri.

Nikasimama mlangoni mwa jikoni. Dirishani kulikuwa na mwanga wa majivu. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti, mgongo kwangu, unaangalia nje. Nyuma yako amesimama mtu mrefu katika koti jeusi, mkono mmoja umeshika kichwa chako, mwingine umeinuliwa juu, na mkononi kuna kitu chembamba, kirefu, kinachong'aa.

Sikusema kitu. Filamu zinadanganya, mtu hasemi kitu. Nilinyoosha mikono nikavuta.

Nilivuta, Clarisse. Nimeandika neno hilo na sasa umelisoma. Nyundo ilianza kunyanyuka. Silinda ilianza kuzunguka, nikasikia mlio wake mdogo wa chuma. Naye aliusikia pia. Akageuka.

Alikuwa bibi kizee. Nywele nyeupe, uso mweupe, macho makubwa. Hakupiga kelele. Aliniangalia mimi, akaiangalia bastola, na usoni mwake nikaona kwamba tunafahamiana, kwamba amekwisha kuniona pale, katika mlango ule, mara nyingi sana. Akasema kwa sauti ya kubembeleza:

"Gaston. Hapana, Gaston. Ule ni Kalenga. Iko Kalenga tu."

Kisha akafanya jambo ambalo bado naliona nikifumba macho. Akajiweka kati yako na mimi. Alitandaza mikono yake na koti lile likafunguka kama pazia, likakufunika wewe wote, na bila kuniondolea macho akasema na wewe kwa nyuma: "Kalenga, toka kwa mulango ya nyuma. Mbio."

Nilikuwa nimeinunua bastola ile nikukinge na mtu huyu. Na katika chumba kile, aliyekukinga alikuwa yeye, na aliyekuwa na silaha alikuwa mimi.

Kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa kitana cha chuma.

Nikashusha mikono. Kidole kilikataa kutoka kwenye kifyatuo, nikakitoa kwa mkono wa pili. Wewe ukachungulia pembeni mwa koti ukasema, "Papa, umerudi? Huyu njo nkambo Odile." Ulijua na jina lake. Tulimwuliza polisi, tukamwuliza Maman Jolie, tukauliza Mungu, na hakuna aliyefikiri kukuuliza wewe: anaitwa nani?

Mama yako aliamshwa na sauti ya mtu anayelia. Nilikuwa mimi. Hicho ndicho kipande anachoanza nacho yeye, mumewe amekaa sakafuni analia, na bibi mzungu anamkatia mkate.

Mtoto wa bibi huyo alikuja kumchukua kabla giza halijashika vizuri, Monsieur Luc, mwenyewe mzee tayari, amevaa skafu kinyume kwa haraka. Mama yake alikuwa akiishi kwenye nyumba ya wazee mitaa miwili kutoka kwetu. Kila Jumatano wahudumu waliwatoa wazee kunywa kahawa, na kila Jumatano yeye aliwapotea, akarudishwa baadaye na mpita njia. Katika nyumba yetu ndimo alimokaa tangu waliporudi kutoka Kongo mpaka alipohamishiwa kwa wazee. Ufunguo aliuvaa shingoni, ndani ya nguo, hakuna aliyejua. Na mwenye nyumba hakubadilisha kufuli tulipoingia. Hata mimi sikubadilisha. Nilitafuta bastola mji mzima, nikajaza karatasi, nikapimwa na daktari, na ile kufuli, kitu ambacho fundi anakitia kwa muda wa kunywa chai, sikuifikiria.

Nikamwuliza Monsieur Luc: Kalenga ni nani?

"Alikuwa mpishi wetu Élisabethville, Lubumbashi ya leo," akasema. "Nilimpenda kuliko baba. Siku za vurugu baba alinunua bastola ndogo, ya bei rahisi, iliyokwisha kupita mikono miwili au mitatu. Alikaa nayo kwenye korido. Kila siku mchana alikaa kwenye korido. Kalenga aliingia kwa mlango wa jikoni, alikuwa ametuletea mkate." Akajifuta pua. "Mama alikuwa amesimama na sahani mkononi. Alisema jina la Kalenga, lakini alilisema baada ya mlio wa bastola."

Akaniambia pia kwamba tangu siku ile mama yake hakusema neno la Kiswahili tena, miaka yote ya Ubelgiji, hata kwa mzaha. Ugonjwa ulipochukua Kifaransa chake, Kiswahili kikarudi peke yake. Na zile sahani tatu? Yake, ya mumewe Gaston, na ya Kalenga, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuketishwa kwenye meza ile.

Nilibadilisha kufuli kesho yake. Na Jumatano iliyofuata, sote watatu tukiwa jikoni, tulisikia ufunguo ukikwaruza mlango wa mbele. Ulikwaruza, ukatoka, ukakwaruza tena. Kisha kimya. Kisha vidole vikagonga, polepole, na sauti ikasema, "Hodi."

Sijui kitu kilichowahi kunitisha kuliko hodi ile, na sikuwa na sababu ya kuogopa tena. Mama yako ndiye aliyeinuka kufungua. "Karibu, maman," akasema, kana kwamba walikuwa wamepanga.

Basi, nirudi kwenye picha zako mbili. Kama utanunua, acha ile ndogo. Chukua ile iliyotumika, kama ni vingt-deux, na uipeleke kwa fundi aifungue mbele yako. Piga nayo karatasi, mara nyingi, uifurahie, maana ni furaha ya kweli na sitakudanganya kwamba sivyo. Iweke klabu, kama klabu ina sanduku. Na ukiitaka kwa ajili ya mlango wako, anza na mlango wenyewe: kufuli mpya siku ya kwanza kabla hujafungua sanduku, taa inayowaka kabla hujafika jikoni, jina la jirani wa kulia na la jirani wa kushoto. Ukisikia hatua, uliza. Uliza kwa sauti kubwa, kwa lugha zote unazozijua. Na bastola ya kifyatuo laini, ile ambayo duka litaisifia kwamba ukiigusa tu imekwisha kujibu, hiyo mwachie mwenye duka. Ile rivolva yangu sikuilainisha kamwe. Nilipiga nayo shabaha vibaya miaka yote mpaka sheria ilipobadilika nikaikabidhi, na Marcel alinicheka mpaka mwisho bila kujua sababu.

Sikuandikii haya ili uogope Houston. Nimeyaandika kwa sababu kesho nitakukumbatia kwenye uwanja wa ndege, na nitakukumbatia kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mbele za watu, na nilitaka ujue ninachokishika.

Madame Odile alikuja kwetu mpaka miguu ilipomkatalia, akiletwa sasa na msichana wa nyumba ya wazee. Halafu tukawa tunaenda sisi, wewe na mimi. Pengine unakumbuka harufu ya supu na televisheni isiyozimwa. Lugha zote mbili zilikuwa zimemwacha. Mwanawe hakumtambua, wewe hakukutambua. Lakini kila nilipoketi mbele yake aliichukua mikono yangu, akaigeuza, akafungua vidole kimoja kimoja, akatazama ndani ya kiganja cha kulia, kisha cha kushoto, kwa makini sana. Alipoona ni mitupu, aliifunga tena, akaniachia nikae.

Papa yako